Waya Unaokata Kona

Simama kwenye makutano yoyote ya San Francisco yanayopitiwa na mabasi ya umeme, kisha inua macho. Utaona kwamba waya haufuati njia ya basi. Basi linaingia hadi katikati ya makutano ndipo dereva anakata usukani, lakini waya wenyewe umepita kwa ndani, karibu zaidi na pembe ya barabara, kana kwamba aliyeufunga alikuwa na haraka ya kufika upande wa pili. Hakuna aliyekosea vipimo. Zile fimbo mbili ndefu zilizo juu ya paa la basi zimelala kuelekea nyuma, na vichwa vyake vinaburutwa. Kinachoburutwa kwenye kona hukata ndani, kama tela la lori linavyopanda ukingo ambao kichwa cha lori kimeshaukwepa. Kwa hiyo fundi hakuuweka waya pale basi litakapopita. Aliuweka pale kichwa cha fimbo kitakapofika, basi likiwa limeshatangulia.

Ufundi huu una watu wake. Ni kikosi kidogo cha mafundi wa laini, wenye gari lililobebeshwa jukwaa la kupanda na kushuka, na kazi zao nzito huzifanya usiku wa manane magari yanapopungua. Wahandisi wanaochimba mahandaki ya treni hupewa sifa zote, na sina ugomvi nao. Lakini mchimba handaki hutengeneza nafasi yake mwenyewe ndani ya mwamba. Fundi wa waya hupewa barabara iliyokwishajaa taa za kuongozea magari, matawi ya miti, vibaraza vya ghorofa ya pili na nyaya za simu, akaambiwa apitishe hapo shaba iliyonyooka, bila kusogeza chochote cha mtu. Mimi namvulia kofia huyu.

Amerika Kaskazini, miji inayotumia kazi yake si mingi tena. Marekani mabasi ya waya yamebaki San Francisco, Seattle, Dayton na Philadelphia; Kanada yako Vancouver; Mexico yako jiji kuu na Guadalajara. Tramu zinazochukua umeme kwa fimbo utazikuta New Orleans na Philadelphia, na kwenye njia ya F ya San Francisco, ambako tramu za kale bado hubeba abiria kila siku. Tofauti ya hivi vyombo viwili ni ndogo kuisema na kubwa kuifunga. Tramu inakaa juu ya reli, na reli ni chuma, hivyo umeme ukishafanya kazi hurudi kwa chini. Waya mmoja unatosha. Basi lina matairi ya mpira. Umeme wake lazima urudi kwa juu, kwa hiyo nyaya ni mbili, chanya na hasi, zikitembea sambamba mji mzima kwa umbali wa sentimita 60 hivi, wala zisigusane hata mara moja.

Umeme wenyewe ni wa volti 600 tu, tena wa DC, unaokwenda upande mmoja. Aliyepanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma amepita chini ya volti 25,000, na anaweza kuidharau 600. Asiidharau. Volti zikiwa chache, mkondo lazima uwe mwingi ili kazi iwe ileile. Basi linalopanda mlima kwa kilowati 180 linavuta ampea 300 kupitia sehemu mbili ndogo za mgusano, kila moja ikiwa juu ya fimbo inayotikisika. Ndiyo maana shaba ni nene, na ndiyo maana nyaya nyingine za kulisha huja kutoka kwenye vituo vya kupoza umeme na kuunganishwa kwenye laini kila baada ya umbali fulani, ili basi la mwisho wa njia lisipate umeme uliochoka.

Uchache huo wa volti una faida moja kwa mafundi: huweza kufanya kazi laini ikiwa hai. Jukwaa la gari lao halipitishi umeme, na mtu aliye juu yake akigusa waya mmoja, umeme hauna pa kupitia. Sharti ni moja, na halina msamaha: mkono mmoja usiwe kwenye chanya ilhali mwingine, au goti, au spana iliyoning'inia kiunoni, imegusa hasi. Sentimita 60 ni finyu kuliko mabega ya mtu mzima aliyenyoosha viwiko.

Sasa tuusogelee waya wenyewe, maana hapa ndipo uzuri ulipo. Ukiukata na kuutazama kwa kichwa, si duara kamili. Una mifereji miwili midogo ubavuni, mmoja kila upande, juu kidogo ya kiuno. Kibanio kinachoushikilia kina midomo miwili inayoingia kwenye mifereji hiyo na kubana kutoka juu, na nusu ya chini ya waya inabaki tupu, laini, bila skrubu wala kovu. Kichwa cha fimbo kinateleza kwenye nusu hiyo ya chini. Kichwa chenyewe kina mfereji wa umbo la U, na ndani yake kipande cha kaboni ambacho hulika pole pole ili shaba isilike. Kaboni hubadilishwa mara kwa mara, na siku za mvua huisha upesi zaidi. Ni biashara nzuri: kitu cha bei ndogo kinajitoa mhanga kwa ajili ya kitu cha bei kubwa ambacho kubadilisha kwake ni kufunga barabara.

Ulaini huo wa chini si urembo. Tuseme fundi ameunga waya na kiungo kimeacha kinundu kidogo, kisichoonekana kutoka chini. Kichwa cha fimbo kikifika pale kinaruka kidogo, kinaachana na waya kwa muda usiofika kupepesa jicho, na mkondo hautaki kukatika, kwa hiyo unaruka hewani kwa cheche. Cheche inachoma shaba na kuacha shimo dogo. Basi linalofuata linaruka zaidi, linachoma zaidi. Baada ya miezi kinundu kimekuwa jeraha. Kwa hiyo kiungo hupigwa tupa, kikapapaswa kwa kidole kutoka upande basi linakotokea, kikapigwa tupa tena. Abiria wa asubuhi hatasikia kitu, isipokuwa ule mlio mwembamba wa kaboni ikisugua shaba, mlio unaotangulia basi na kukuambia linakuja kabla hujaliona.

Kwenye kona waya unadanganya macho. Unaonekana umepinda vizuri, lakini shaba iliyovutwa kwa nguvu haijui kupinda. Inajua kunyooka tu. Kona ni vipande vifupi vilivyonyooka, na kila kimoja kinavutwa pembeni kidogo na kamba ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo, au kwenye pete iliyopachikwa ukutani mwa jengo. Vivutio vikiwa vichache, kila pembe inakuwa kali na kichwa cha fimbo kinapigwa teke. Vikiwa vingi, hewa inajaa kamba, uzito unaongezeka na fundi wa kesho atalaani. Kati ya hayo mawili kuna idadi inayofaa kona ile peke yake, na kila kamba ukiikaza inalegeza mwenzake, hivyo kazi hurudiwa kwa kuzunguka, robo mzunguko wa skrubu hapa, nusu mzunguko pale, mpaka kona nzima itulie.

Halafu kuna jua. Shaba hurefuka ikipata joto. Katika mji wa Toronto, ambako majira ya baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na kiangazi kikapanda hadi 35, kila mita 100 za waya hurefuka na kufupika kwa zaidi ya sentimita 9 kati ya majira hayo mawili. Ukiukaza vizuri mwezi wa Januari, Julai utaning'inia. Ukiukaza Julai, Januari utavuta nguzo. Njia mojawapo ya kuepa mtego huu ni kuuning'iniza waya kwenye vishikizo vilivyolala mshazari badala ya kusimama wima. Waya ukirefuka, vishikizo vinabadili ulalo wao na kula ule urefu wa ziada, ukifupika vinarudi. Hakuna mota wala kompyuta.

Palipo na makutano makubwa hesabu inakuwa ngumu. Barabara mbili zenye mabasi yanayokwenda na kurudi zinapokutana, nyaya nne zinakatiza nyaya nne. Hizo ni sehemu 16 za kukatizana, na kwenye 8 kati yake chanya inakutana na hasi. Zikigusana ni shoti. Kwa hiyo pale juu pamefungwa vipande vyenye kihami, na kwa urefu wa hatua moja au mbili waya uliopo hauna uhai. Dereva anapaswa kuujua ule urefu na kutoa mguu kwenye pedali kabla ya kuufikia, apite kwa kasi aliyonayo. Akijisahau akavuta umeme hadi ukingoni, atasikia mshindo na kuona mwanga wa buluu, na chuma cha kile kipande kitakuwa kimeungua kidogo. Ukipanda basi la waya na dereva mzoefu, utahisi mahali fulani gari limelegea, limepumua, kisha limevuta tena. Anapita chini ya makutano ya nyaya.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kigawanyo, pale waya mmoja unapogeuka wawili, wa kunyoosha na wa kukata kona. Basi likija, nani anakiambia kigawanyo lielekee wapi? Siku hizi viko vinavyopokea ishara ya redio. Lakini kuna aina ya zamani, iliyozoeleka Marekani, inayotumia umbo la basi lenyewe kama swali na jibu. Kwenye kila waya, kabla ya kigawanyo, kuna kigusio kidogo, na viwili hivyo havikupangwa sambamba: kimoja kimetangulia. Basi linalonyoosha lina vichwa viwili vya fimbo vinavyokwenda bega kwa bega, kwa hiyo kimoja kinagusa kigusio chake kabla ya mwenzake, na hakuna kinachotokea. Basi linaloanza kukata kulia limejigeuza. Upande wake wa kushoto umetangulia na wa kulia umebaki nyuma, na fimbo zimefuata. Sasa vichwa vyote viwili vinagusa kwa pamoja, mzunguko wa umeme unafungwa, ulimi wa kigawanyo unaruka upande wa kona. Vichwa vikishapita, ulimi unarudi.

Fikiria maana yake kwa fundi. Lazima ajue basi litakuwa limegeuka kiasi gani litakapofika pale, dereva mwepesi na dereva mzito wote wawili, kisha apachike vigusio vinavyowafaa wote. Na dereva naye lazima aanze kugeuka mahali ambapo fundi alitegemea. Watu hawa wawili huenda hawajawahi kusalimiana.

Mtihani mkali zaidi wa kazi hii uko kwenye njia ya 24 Divisadero, San Francisco. Katika mtaa wa Noe, kati ya Cesar Chavez na 26th, barabara inapanda kwa asilimia 22.8, na ndio mwinuko mkali kuliko wote unaojulikana duniani kwa basi la waya. Kwa kila mita 100 unazosogea, umepanda karibu 23. Mota ya umeme haina shida na mlima kama injini ya dizeli. Nguvu yake kubwa inapatikana tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Shida inabaki kwa waya, maana pale mlima unapoanza na pale unapoisha barabara inavunjika ghafla, na fimbo ambazo sekunde moja iliyopita zilikuwa zimesimama zinatakiwa zilale, au kinyume chake, bila kuachia. Waya hauwezi kuvunjika ghafla. Unalainishwa kwa hatua, na urefu wake kutoka ardhini unachezewa ili chemchemi za fimbo zipate nafasi ya kukimbizana na barabara. Na basi linaloshuka linaweza kugeuza mota zake kuwa jenereta, likarudisha umeme kwenye laini, na lililo chini likautumia kupanda. Umeme wenyewe hutoka kwenye mitambo ya maji ya Hetch Hetchy, milimani Sierra Nevada: maji yanayoshuka mlima mmoja yanayapandisha mabasi mlima mwingine.

Haya yote yana mwanzo. Frank Sprague, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Marekani aliyewahi kufanya kazi kwa Thomas Edison, alikubali mwaka 1887 kuujengea mji wa Richmond, Virginia, njia ya tramu za umeme ya maili 12, yenye magari 40 na vilima vya hadi asilimia 10. Hakuna aliyekuwa amefanya jambo la ukubwa huo. Mota ziliungua, vichwa vya fimbo vikabadilishwa kila mara, lakini Februari 2, 1888, magari yalianza kubeba watu. Baadaye akaja Henry Whitney kutoka Boston, mwenye kampuni kubwa ya tramu za farasi, akitaka kujua kama laini ingehimili magari mengi yakirundikana mahali pamoja. Sprague akasubiri usiku, akapanga magari 22 yakifuatana, akatoa ishara. Taa zikafifia, na magari yakaondoka moja baada ya jingine. Boston ikachukua umeme, na miji mingine ikafuata.

Washington haikutaka waya. Katikati ya jiji hilo sheria ilikataza nyaya za juu, na wapo hadi leo wanaosema jiji lilikuwa na haki, kwamba nyaya zinaharibu anga. Basi bei ya anga hiyo ilikuwa hivi: kati ya reli ilichimbwa mitaro, ndani yake zikawekwa reli mbili za umeme, na tramu ikateremsha mkono wa chuma kupitia ufa mwembamba wa barabarani ili kuzigusa. Maji, matope na theluji vyote viliujua ule ufa. Tramu ilipofika mpaka wa eneo lililokatazwa, ilisimama juu ya shimo, na ndani ya shimo alikuwamo mtu, kazi yake kuufungua ule mkono kutoka chini ya tramu, huku juu fimbo ikiinuliwa kwenye waya. Ikirudi, aliufunga tena. Kazi hiyo iliendelea hadi tramu za Washington zilipokoma mwaka 1962. Nikipima mtu aliyeketi shimoni chini ya magurudumu dhidi ya nyaya mbili angani, najua ningechagua nini.

New Orleans ilijifunza thamani ya waya kwa njia mbaya. Kwenye barabara ya St. Charles tramu za kijani zilizoundwa na Perley Thomas mwaka 1923 na 1924 bado zilikuwa kazini pale kimbunga Katrina kilipopiga mwishoni mwa Agosti 2005. Karakana yake iko mahali pa juu, na tramu zile kongwe zikapona. Tramu nyekundu za Canal Street, zilizokuwa mpya, zilizama. Lakini njia ya St. Charles inapita chini ya mialoni mikubwa, na upepo ukaangusha matawi na nguzo, ukaubomoa waya. Kukawa na magari yasiyo na waya, na kwingine waya usio na magari. Mji ukazipeleka bibi za kijani kwenda kufanya kazi Canal Street, huku mafundi wakiusimamisha waya wa St. Charles upya, kipande kwa kipande. Njia nzima haikukamilika hadi 2008.

Toronto ilipata kazi ya aina nyingine. Tramu zake mpya zilizoanza 2014 zilikuja na fimbo na pia fremu ya kukunjuka inayousukuma waya kwa upau mpana, na kuanzia 2017 mji ulianza kuhama kutoka fimbo kwenda fremu. Kila kanuni niliyoieleza ikageuka. Fremu haikati kona, kwa hiyo waya unarudishwa katikati ya reli. Fremu haihitaji kigawanyo, na mbaya zaidi, kigawanyo cha fimbo kinachojitokeza chini kinaweza kuinasa. Tena waya ulionyooka kabisa ungeichimba kaboni ya fremu mahali pamoja mpaka uikate, hivyo unapindishwa makusudi kushoto na kulia. Na kwa miaka kadhaa laini ileile ilitakiwa iwafae wote wawili, mzee wa fimbo na mgeni wa fremu, kwa vigawanyo maalumu vyenye mbawa za kuongoza fremu ipite salama. Anayetaka kupima ustadi wa mafundi wa mji, atazame miaka kama hiyo.

Boston imekwisha kuachana na mabasi yake ya waya na kuelekea betri. Mabasi mapya ya Seattle, San Francisco na Dayton yamechukua njia ya kati: yana waya na yana betri, hivyo bomba la maji likipasuka mtaani dereva hushusha fimbo, hupita mtaa wa pembeni, kisha hurudi. Kurudi ndiko kwenye kazi. Zamani alishuka, akaenda nyuma ya basi, akashika kamba na kulenga kichwa cha fimbo kwenye waya ulio mita 5 juu yake, mara mbili, huku magari yakimpigia honi. Baadhi ya miji imetundika kwenye waya vifaa vya kumsaidia, umbo la V iliyopinduliwa: dereva husimama chini yake palipowekwa alama, hubonyeza kitufe, fimbo huinuka, hugusa kuta za V na kuteleza zenyewe hadi kwenye shaba. V hiyo hufungwa na mafundi walewale, kwa kamba zilezile za kukazwa robo mzunguko, na ikikaa kombo kwa upana wa kiganja, dereva atashuka na kushika kamba yake, mvua au jua.